Sauti ya Solange na Kompyuta Ambayo Bado Haijatoka

Solange hakuwa na ugomvi na kompyuta. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu baadaye kuna watu waliomwita mama anayechukia maendeleo, na huo ni uongo. Kompyuta ndogo ya Kyakimwa ndiyo iliyompa picha ya mume wake alipokufa.

Kyakimwa ni mfanyabiashara aliyetoka Butembo, mwenye duka la fotokopi na uchapaji hapa Walikale, karibu na soko. Kompyuta yake ni kisanduku bapa cha rangi ya fedha, kinachokaa chini ya skrini kama kitu kilichosahauliwa pale. Wageni huuliza mashine yenyewe iko wapi, naye huwaonyesha kwa kidole. Athanase, mume wa Solange, alipofukiwa na udongo katika shimo la madini, hakukuwa na picha yake yoyote isipokuwa ile ya kadi ya uchaguzi, ndogo kama ukucha. Kyakimwa aliipiga skani, akaikuza, akaitoa kwenye karatasi ngumu, akaja nayo matangani kwa mikono yake mwenyewe. Solange aliishika, akasema kwa Kiswahili chetu cha huku, ambacho husema njo badala ya ndiye, "Njo yeye. Asante dada."

Picha hiyo ilihitajika kwa sababu mwili haukupatikana. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, ukuta wa shimo ukashuka, na wenzake waliochimba kumtafuta walichimba mpaka maji ya chini yakawashinda. Mzee mmoja wa msituni alishauri wazike mgomba mahali pa mwili, kama walivyofanya watu wa ukoo wake zamani. Katekista alijifanya hakusikia. Walizika mgomba, kisha wakasali rozari juu yake, na hakuna aliyeona aibu.

Solange alizaliwa Muheto, upande wa Masisi, kwenye mashamba ya maharage na viazi. Bunduki zilimtoa huko akiwa msichana, akafika kambi ya Kashuga. Huko aliolewa na Athanase, kijana wa Burungu aliyekimbia pamoja na mama yake, Nyirabagenzi. Kisha Athanase akasikia kwamba Walikale kuna mawe ya bati msituni na mtu mwenye nguvu hawezi kukosa chakula. Wakaja wawili. Mama alibaki Kashuga, kwa sababu alisema hatakufa katika msitu asioujua.

Baada ya kifo cha mume, Solange hakuwa na pa kurudi. Shamba la Muheto lilikuwa na wenyewe wapya. Basi akaingia mtoni pamoja na kina mama wengine, kuosha mawe yanayoshuka kutoka mashimoni. Unaweka mchanga kwenye karai, unatikisa, maji yanachukua udongo, na kitu kizito cheusi kinabaki chini. Kitu hicho hubebwa na wanunuzi. Kinakokwenda, hakuna anayerudi kutuambia.

Archange ndiye aliyetuambia.

Archange alifika kwa moto, yaani pikipiki, wakati wa kiangazi, kijana mwenye miwani mikubwa na kamera kifuani. Alikuwa na chaîne yake ya video kwenye intaneti, na kazi yake ilikuwa moja tu: kutabiri mashine zijazo. Wakati huo habari iliyowashika wafuasi wake ilikuwa kompyuta ndogo ya kampuni moja kubwa ya ng'ambo. Ilisemekana itabadilishwa umbo. Kampuni yenyewe ilikuwa kimya, lakini watu kama Archange walikuwa wanajua kila kitu, au walisema hivyo. Alikuwa ametengeneza mfano wake kwa kadibodi, akaupaka rangi ya fedha, akauweka juu ya kaunta ya Kyakimwa.

"Itakuwa hivi," alisema. "Ndogo kabisa. Inaingia mu kiganja."

Duka lilijaa mara moja. Kila aliyekuja kwa fotokopi alibaki kutoa maoni. Mmoja alitaka kujua kitufe cha kuwashia kitakuwa wapi. Archange alisema wengine wanadhani kitawekwa chini ya tumbo la mashine.

"Chini?" Kyakimwa aliruka. "Kila asubui niipindue sawa mutoto mwenye kujinyea?"

Watu walicheka. Archange alieleza kwamba huenda matundu ya mbele yakapungua, huenda rangi nyeusi ikaja, huenda feni ikaondolewa kabisa.

"Na kufungua?" Kyakimwa aliuliza. "Hii yangu fundi alishindwa kuongeza mémoire. Alisema vyote vimebandikwa. Hiyo mupya itafunguka?"

"Hapo sijui, Mama. Lakini ikikuwa kidogo zaidi, sizani."

"Basi wanaifanya kidogo juu ya nani? Ikiingia mu kiganja, itaingia na mu mufuko ya mwizi. Waambie watengeneze yenye inafunguka."

Papa Théophile, mkuu wa mtaa wetu, alikuwa amekuja kuchapisha tangazo. Aliushika ule mfano, akaugeuza huku na huku kwa heshima, kama mtu aliyepewa kuku wa zawadi. "Kazi ya wazungu," alisema.

"Haiko ya wazungu peke yao, Papa," Archange alijibu kwa fahari. "Bati yenye inatoka hapa njo inabandika vipande vya ndani. Bila bati, ile mashine inaachana yote. Njo maana nimekuja. Nataka kuonyesha watu wangu fasi kompyuta inaanzia."

Kwa kweli, tulifurahi. Hakuna aliyewahi kuja hapa kutuambia kwamba kitu chochote kinaanzia kwetu.

Kesho yake alishuka mtoni na kamera. Aliwapanga kina mama, akawaomba watikise karai polepole ili maji yang'ae. Kisha akauweka mfano wa kadibodi juu ya jiwe, akamwita Solange, kwa sababu Solange ana uso mpana wenye macho yanayotazama moja kwa moja, na kamera hupenda uso wa namna hiyo.

"Mama, ushike hiyo na mukono moja, na mukono ingine ushike mawe. Alafu uniambie unaona namna gani hii kompyuta mupya."

Solange aliutazama ule mfano wa kadibodi. Alimwuliza kama ni kweli bati inaingia ndani ya kitu hicho. Archange alisema ni kweli. Alimwuliza tena, na akapewa jibu lile lile. Ndipo alipozungumza, na kina mama wote waliokuwa mtoni siku ile walimsikia.

Alisema: "Mume wangu Athanase alikufa mu shimo ya hii mawe. Hatukumutoa. Leo njo ninasikia mawe inaenda mu ordinatere, hii kompyuta yenu. Ninyi munabishana itakuwa kidogo ao kubwa, nyeusi ao nyeupe. Hamuulize ile shimo itakuwa namna gani. Hakuna muntu alikuya kuuliza tuweke miti ya kushikilia ukuta. Mukitaka kubadilisha kitu, mubadilishe shimo kwanza. Mimi ni Solange, bibi ya Athanase wa Burungu. Nimemaliza."

Archange alikuwa ametoa jicho kwenye kamera. Alisema, "Vizuri sana, Mama. Vizuri sana," akamshika mkono kwa mikono miwili. Akagawa biskuti, akapanda moto yake, akaenda.

Solange alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Alimwambia jirani yake kwamba sasa Athanase ametajwa mbele ya watu wengi, hata kama mwili wake uko chini.

Habari ya kwanza ilikuja kwa simu kutoka Kashuga. Hakupiga mama mkwe wake, Nyirabagenzi, yeye mwenyewe. Alipiga mjukuu wa dada yake, kijana anayesoma sekondari.

"Bibi anauliza kama ni wewe mu vidéo ya kompyuta."

"Njo mimi. Aliniona?"

"Alikuona. Mimi njo nilimufasiria Kifaransa. Anauliza tena: ni kweli unashukuru ile shimo?"

Solange alidhani mtandao unakatakata maneno. "Nishukuru nini?"

"Ulisema unaona fahari. Ulisema mume wako angefurahi kuona kazi yake mu kompyuta nzuri vile. Bibi analia tangu jana. Anasema hataki kusikia sauti yako."

Simu ikakatwa. Solange alipiga tena, haikupokelewa. Alikwenda dukani kwa Kyakimwa bila kufunga mlango wa nyumba yake.

Kyakimwa aliitafuta ile video. Ilianza kwa muziki wa ngoma. Ikaonyesha msitu, mto, kina mama, maji yanayong'aa kama alivyotaka. Kisha uso wa Solange ukajaa skrini yote, kadibodi mkono mmoja, mawe mkono mwingine. Midomo yake ilikuwa inatembea. Lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya msichana fulani wa mjini, laini kama ya tangazo la sabuni, ikisema Kifaransa juu ya midomo ya Solange.

"Fasiria," Solange alisema.

Kyakimwa akasimamisha video.

"Fasiria, dada. Yote."

Kyakimwa akafasiri. Sauti ile ilisema: Mimi ni mama wa Walikale. Nina fahari kwamba jiwe la nchi yangu litakuwa ndani ya kompyuta ndogo na nzuri kuliko zote. Mume wangu alikuwa mchimbaji, naye angefurahi kuona kazi yake. Sisi hapa tunaingoja kwa hamu.

Solange hakulia. Uso wake ulikuwa kama mlango uliofungwa kwa ndani. Aliomba video ichezwe tena, kisha tena. Jina la Athanase halikuwemo. Burungu haikuwemo. Shimo halikuwemo, wala miti ya kushikilia ukuta.

"Huyu bibi ni nani?" aliuliza, akionyesha hewa, mahali sauti ilipotokea. "Alinijulia wapi? Mume wake alikufa wapi?"

Na ni haki kuuliza hivyo. Tumezoea kuchukuliwa vitu hapa. Mawe yanachukuliwa, mbao zinachukuliwa, mashamba ya watu wa Masisi yanachukuliwa wakiwa bado wana jembe mkononi. Lakini kumchukua mjane midomo yake, ukaweka ndani maneno ya furaha kuhusu kaburi la mume wake, ili watu wa mbali wafurahie kadibodi! Mimi ninayesimulia nilikuwa nimekuja kuchapa mtihani wa wanafunzi wangu siku ile, na nilitoka dukani bila karatasi zangu.

Kyakimwa alimwandikia Archange. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo: ni montage tu, kupanga picha na sauti, Mama, msijali, video imependwa sana, nitarudi kufanya ya pili.

Papa Théophile alishauri uvumilivu. Alisema kijana ameleta jina la Walikale mbele za watu, na kwamba kelele zitawafukuza wageni. Solange alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza, "Papa, wangeweka maneno ya muntu mwingine mu kinywa yako, pale unasoma tangazo, ungevumilia?" Mzee akakohoa, akasema hilo ni jambo jingine.

Miezi ilipita. Solange alipiga Kashuga kila alipopata vocha, na kila mara yule kijana alisema Bibi amelala, Bibi ameenda shambani, Bibi anasali. Kwake huyo mama mkwe ndiye mtu wa mwisho aliyebaki wa kuitwa ndugu. Alikonda. Mtoni aliacha kuimba na wenzake.

Archange alirudi kama alivyosema. Tetesi zilikuwa zimebadilika. Sasa kompyuta ijayo haikuwa tena ya mraba, bali yenye kona za mviringo, na alikuwa amekuja na kadibodi mpya, nyeusi. Alitua moja kwa moja dukani kwa Kyakimwa, kwa sababu pale ndipo kuna umeme wa jua na intaneti ya kutumainiwa. Watu walianza kukusanyika, ingawa wengine walisimama nje tu. Mtu mmoja akakimbia mtoni.

Solange aliingia na kanga yake ikidondosha maji, na nyuma yake kina mama wote wa mtoni. Archange akanyoosha mkono kwa tabasamu.

"Mama yangu! Vedette yangu, nyota ya vidéo!"

Solange hakuushika ule mkono.

"Fungua vidéo," alisema. "Usome yenye uliandika. Na Kiswahili. Na kinywa yako mwenyewe."

"Mama, ile ya zamani, sasa tuko na..."

"Soma."

Archange alimtazama Papa Théophile, aliyekuwa kati ya waliokusanyika, apate msaada. Mzee alitazama tangazo lililobandikwa ukutani. Basi kijana akafungua, akasoma, kwanza haraka, kisha polepole. Alipofika pale pa mume angefurahi, sauti yake ilishuka. Mmoja wa kina mama, ambaye naye ana mtu wake chini, alisonya kwa nguvu.

"Mimi njo nilisema vile?" Solange aliuliza.

"Hapana."

"Nilisema nini?"

Archange akavua miwani, akaifuta. Akaanza kujitetea, na hatutasema hakuwa na lake la kusema. "Mama, unielewe. Watu wenye kufuata chaîne yangu wako Kinshasa, wako Abidjan, wako Bruxelles. Wanakuya kujua ordinatere itafanana namna gani. Hawakuye kulia. Ningeweka ile yako, wangefunga. Mimi pia natafuta maisha."

"Sikuwaita walie!" Sasa sauti ya Solange ilipanda, na waliokuwa barabarani walisimama. "Uliniuliza ninaona namna gani, nikakuambia. Kama hukuitaka, ungeiacha. Ungeitupa mu mayi. Lakini wewe ulitoa maneno yangu mu kinywa yangu, ukatiamo ya kwako. Mama ya Athanase analia Kashuga juu ya maneno yako! Anazani mimi ninacheza juu ya kaburi ya mutoto wake! Unajua vile iko kulilia mutoto mwenye haukuzika?"

Archange aliinamisha kichwa. Papa Théophile ndiye aliyeuliza, na sauti yake haikuwa ile ya uvumilivu.

"Sauti yake ya kweli iko wapi?"

"Iko mu carte ya kamera, Papa. Sikuifuta."

"Basi uirudishe."

"Nikirudisha, vidéo itakufa."

"Ikufe," alisema Kyakimwa. Akanyoosha mkono, akachomoa waya wa simu ya Archange uliokuwa ukichaji kwenye kaunta yake. "Mu duka yangu hautapata courant wala connexion mpaka ile sauti irudi. Na hapa kote unajua hakuna ingine. Ikala, nitakupa kiti."

Akakaa. Alifanya kazi hiyo kwenye ile kompyuta ndogo ya Kyakimwa, kina mama wakiwa wamemzunguka na nguo zao za majimaji. Aliondoa muziki. Aliondoa msichana wa sabuni. Sauti ya Solange ikatoka, nzito kidogo, na nyuma yake mlio wa mto: Mume wangu Athanase alikufa mu shimo ya hii mawe. Chini yake akaandika Kifaransa, na Kyakimwa akasoma kila mstari kabla ya kukubali. Mahali pamoja Archange aliandika "ajali". Kyakimwa akamwambia kwamba Solange hakusema ajali, alisema hakuna muntu alikuja kuuliza. Archange akafuta, akaandika hivyo, kisha akairudisha video kwenye chaîne yake.

Sitasema uongo kuhusu yaliyofuata. Video ile haikutikisa dunia. Wafuasi wengi waliondoka, kama Archange alivyotabiri, na huo ndio utabiri wake pekee tunaojua ulitimia. Wengine waliandika chini yake. Mmoja aliuliza kama kona za mviringo zitaathiri matundu ya nyuma. Mmoja aliandika kwamba mambo ya huzuni yawekwe kwenye chaîne nyingine. Mmoja aliuliza jina la mahali shimo lilipo, na hakuuliza tena.

Kyakimwa alimsomea Solange yote hayo. Solange aliposikia lile la matundu ya nyuma alipiga kaunta kwa kiganja, kikombe cha kalamu kikaanguka.

"Mujibu," alisema. "Andika: Athanase alikuwa na majina. Alikuwa na mama. Muulize kwanza hayo."

Kyakimwa akaandika hivyo hivyo, bila kuongeza neno.

Lakini video ilifika Kashuga. Kijana wa sekondari aliicheza mbele ya bibi yake, na safari hii hakutakiwa kufasiri chochote. Siku mbili zikapita. Kisha simu ya Solange ikalia akiwa mtoni, mikono imejaa mchanga, na mwenzake akamshikia simu sikioni.

"Mukamwana," alisema Nyirabagenzi.

"Mama."

"Nimekusikia. Ulitaja na Burungu."

"Nilitaja, Mama. Tangu ile siku ya kwanza nilitaja."

Mama mkwe akasema mambo ambayo mwenzake aliyeshika simu hakutaka kutusimulia, isipokuwa la mwisho, kwamba barabara ikitulia, bunduki zikinyamaza, Solange aende Kashuga, na wamlilie Athanase pamoja, maana kila mmoja alikuwa amelia peke yake.

Barabara ilitulia kwa muda mfupi mwezi uliofuata, naye akaenda. Aliporudi alikuwa na mbegu za maharage za kutoka kwa mama mkwe, akazipanda nyuma ya nyumba. Bado anaosha mawe, kwa sababu maharage hayatoshi. Shimoni hakuna aliyepeleka mti hata mmoja. Kina mama wa mtoni hawapigwi picha tena na mtu yeyote asiyekubali kuwasikilizisha sauti yao palepale kabla hajaondoka, na tayari wamewafukuza wawili, mmoja wao akiwa na barua yenye mihuri mingi.

Archange hajarudi. Tunasikia anaendelea kutabiri: kompyuta itakuwa nyembamba zaidi, itakuwa ya rangi ya dhahabu, itatoka mwaka huu, itatoka mwakani. Ukimwuliza Solange maoni yake kuhusu hilo, uwe umejiandaa kusimama na kusikiliza mpaka amalize.